Daktari wa Meno Anajibu: "Wameniambia Nisubiri Mpaka Nijifungue"

Mwezi huu nimeziweka kando barua za harufu ya mdomo na za meno ya watoto. Za wajawazito zimenijazia droo, na karibu zote zinalia kilio kimoja: jino linauma, kila ninayemwendea ananiambia subiri. Nimechagua tatu na maswali mawili mafupi. Majina ni yale mliyojipa wenyewe.

Shikamoo daktari. Nina mimba ya miezi mitano, ya pili. Gego la chini kulia lina tundu tangu mwaka jana ila lilikuwa halinisumbui. Sasa wiki ya tatu silali. Chai ya moto ndiyo balaa kabisa, na nikilala linapwita mpaka sikioni. Nilikwenda hospitali, yule wa meno alipoliona tumbo tu akasema, "Mama, kajifungue kwanza, ganzi itamdhuru mtoto." Hata mdomo hakunifungulisha. Dukani wakanipa diklofenaki na vidonge vya rangi mbili, vinatuliza saa chache tu. Mama mkwe anasema kung'oa jino na mimba ni kuitoa mimba. Mume wangu yuko safarini. Nifanyeje? — Mama Kijacho, Korogwe

Marahaba mwanangu, na pole sana. Jino hilo litibiwe sasa, wiki hii hii, na mimba yako ikiwa tumboni. Diklofenaki uache leo.

Naanza na dawa kwa sababu ndizo zinazonitia hofu kuliko tundu lenyewe. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu ni ndugu wa tumbo moja. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kuanzia wiki ya 20 ya mimba dawa za ukoo huu zinaweza kuzidhoofisha figo za mtoto. Maji anayoogelea humo ndani, kwa sehemu kubwa, ni mkojo wake mwenyewe. Figo zikilegea, maji yanapungua. Mimba ikifika wiki ya 30 linaongezeka jambo la pili: kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaopaswa kubaki wazi hadi azaliwe, na dawa hizi zinaweza kuufunga kabla ya wakati. Wewe kwa miezi mitano uko palepale panapoanzia onyo. Usikae ukilia, madhara haya hayampati kila aliyemeza. Lakini mweleze mkunga wako, aandike kwenye kadi ya kliniki umemeza nini na kwa siku ngapi. Ikiwa ni zaidi ya siku mbili mfululizo, omba upimwe ultrasaundi waangalie kiasi cha maji. (Kuna wajawazito wanaopewa kliniki aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya presha ya mimba. Hiyo ni habari nyingine, asiiache mtu kwa kunisoma mimi.)

Hivyo vya "rangi mbili" ndivyo vinavyonikera zaidi. Rangi ya kidonge haisemi kitu. Amoksilini huja kwa rangi mbili, nayo mjamzito anaruhusiwa ikiwa hana mzio wa penisilini. Tetrasaiklini nayo huja kwa rangi mbili, na hiyo pamoja na ndugu yake doksisaiklini huingia kwenye meno ya mtoto yanayojengwa tumboni na kuyatia rangi ya manjano au kahawia. Soma jina kwenye pakiti. Kama umepewa kwenye karatasi bila jina, usimeze. Na hata ingekuwa amoksilini safi, jino linalouma kwa chai ya moto na kupwita usiku limeungua ndani kwenye kiini chake, huko antibiotiki haiponyi. Tundu linabaki, na siku dawa ikiisha maumivu yanarudi.

Ya kutuliza wakati unatafuta tiba ni paracetamol. Vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, na iwe kwa siku chache za kukuvusha tu. Vile vya mchanganyiko vya dukani viache, vingine vina aspirini ndani na muuzaji hatakwambia. Karafuu moja ukiitafuna taratibu kwenye jino itakupa nafuu kidogo, sina ugomvi nayo. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanachoma fizi. Kuna wanaoponda aspirini wakaijaza kwenye tundu, na wapo wanaokuja kwangu wameweka maji ya betri. Wanaondoka na jino lilelile na kidonda cheupe juu yake.

Sasa ganzi. Sindano tunayotumia karibu kila siku ni lignokeini, mara nyingi ikiwa na adrenalini kidogo ili damu isitoke sana na ganzi ikae. Inapigwa kando ya jino, kiasi kidogo. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kiliandika mwaka 2013 kwamba kutibu meno, kupiga picha ya jino na kuchoma ganzi hii, yenye adrenalini au isiyo nayo, ni salama wakati wa ujauzito. Israeli walifuatilia wajawazito 210 waliotibiwa meno kwa ganzi, wakawalinganisha na wengine ambao hawakuchomwa. Majibu yalichapishwa mwaka 2015 na hawakukuta ongezeko la kasoro kwa watoto. Kwa hiyo mwenzangu aliyekurudisha bila hata kukufungulisha mdomo alikuwa na woga. Kitabu hakimuungi mkono. Ninauelewa woga huo: mimba ikiharibika kwa sababu yoyote wiki inayofuata, mtaa utasema ni yeye. Lakini tiba haipangwi kwa kuogopa mtaa.

Na mama mkwe usimbishie kwa ukali. Mara nyingi wazee wanasimulia walichokiona kweli: mjamzito aliyevimba shavu, akapandwa na homa kali, akang'olewa jino siku za mwisho kabisa, kisha mimba ikatoka. Wakalilaumu koleo. Usaha uliokuwa umesambaa mwilini na ile homa ndivyo hatari yenyewe, tena vilikuwepo kabla koleo halijaguswa. Mwambie twende wote, aje akae pembeni ashuhudie. Mimi huwakaribisha mama wakwe. Wakishaona hakuna kinachokwenda tumboni wanakuwa watangazaji wazuri kuliko bango lolote la wizara.

Miezi yako ni mizuri. Miezi mitatu ya mwanzo kichefuchefu kinasumbua, na miwili ya mwisho tumbo ni zito, kukaa kitini ni adhabu. Katikati ndiyo nafasi ya kazi isiyo ya haraka. Jino lenye maumivu kama yako halingoji katikati wala mwisho. Lingekujia mwezi wa pili au wa nane ningekutibu vilevile.

Ukienda, sema una mimba ya wiki ngapi kabla hujakalia kiti, hata kama tumbo linaonekana. Beba kadi yako. Sema kama umewahi kuambiwa una presha au sukari ya mimba, na kama hawakukupima presha, omba upimwe. Kula kabla ya kwenda, njaa na sindano ndivyo vinavyoangusha watu. Pitia msalani. Kitini usikubali kulazwa chali kabisa: tumbo likikua linaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka, jasho linatoka, macho yanaona giza. Mimi nina kanga chumbani, naikunja na kuiweka chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lielemee kushoto. Tiba ni ileile. Kanga hiyo tu ndiyo inayomtofautisha mjamzito na mgonjwa mwingine kwenye kiti changu.

Watakupa chaguo la kuling'oa au kulitibu mzizi. Kama mzizi unatibika na mfuko unaruhusu, lihifadhi, gego ni mali. Hospitali nyingi za wilaya zitakung'oa tu, na kwa hali yako kung'oa kuna faida kuliko kuendelea kumeza vidonge miezi minne. Baada ya hapo ng'ata pamba nusu saa, usisukutue siku hiyo ya kwanza, kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Wakikukatalia tena Korogwe, mwambie mkunga akuandikie rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo. Mkunga akiandika, hawakurudishi mlangoni kirahisi.

Na hili lisome mara mbili. Ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu au shingoni, mdomo haufunguki, kumeza mate ni shida, ulimi unahisi umesukumwa juu, au homa imepanda, usingoje asubuhi wala mume arudi safari. Panda bodaboda, bajaji, chochote, uende hospitali kubwa usiku huohuo. Usaha wa jino la chini ukiingia shingoni unaziba njia ya hewa.

Daktari, mimi fizi zangu zinatoa damu kila nikipiga mswaki. Nimeacha mswaki, nasukutua kwa maji tu, lakini naona ndiyo zinazidi. Na sasa kati ya meno mawili ya juu mbele kimeota kinyama chekundu, nikikigusa damu tele. Jirani ananiambia ni kansa. Mimba ina miezi saba. Sina amani. — Mwalimu, Lushoto

Mwalimu, kansa iondoe kichwani ulale. Kinyama cha namna hiyo, chekundu, chepesi kutoa damu, kinachoota kati ya meno ya mbele ya juu kwenye miezi ya katikati au ya mwisho, tunakifahamu vizuri kwa wajawazito. Ni fizi iliyovimba kupita kiasi kwa sababu ya homoni za mimba ikikutana na uchafu uliokaa kwenye jino. Kwa wengi hupungua chenyewe baada ya kujifungua. Tukikikata sasa kinaweza kuota tena kabla hujazaa, kwa hiyo mimi hukiacha, isipokuwa kama kinazuia kula au damu haikatiki. Hata hivyo usijipime kwa barua yangu, kionwe na macho ya daktari. Na kisipopotea miezi michache baada ya kujifungua, kiondolewe na kipelekwe maabara.

Kosa liko kwenye mswaki ulioachwa. Homoni zako zimezifanya fizi ziwe na hasira: ukoga uleule ambao mwaka jana zilikuwa zikiuvumilia, sasa zinauvimbia. Hali hii huanza kama mwezi wa pili au wa tatu na hufikia kilele karibu na wa nane. Ukiacha mswaki, ukoga unaongezeka, fizi zinavimba zaidi, damu inazidi, nawe unaogopa zaidi. Chukua mswaki laini, asubuhi na usiku kabla ya kulala, dawa yenye floridi, na usugue pale pale panapotoka damu. Siku za mwanzo sinki litatisha. Ukiendelea bila kuruka, baada ya wiki moja au mbili utaona tofauti. Mswaki wa mti ukiuzoea, tumia, ila upite hadi ukingo wa fizi, watu wengi huchokonoa meno ya mbele tu wakaridhika.

Kama kuna ugaga, ule uchafu mgumu wa manjano uliogandamana, mswaki hautoi. Utakwanguliwa hospitali, nayo haina shida kwa mimba. Watu huniuliza kama kusafisha fizi kunazuia kuzaa kabla ya wakati. Ni kweli wanawake wenye ugonjwa mkubwa wa fizi wameonekana kuzaa njiti zaidi, lakini Marekani waliposafisha fizi za wajawazito katika utafiti mkubwa wa wanawake 823, majibu ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kusafisha ni salama, fizi zinapona, ila idadi ya wanaozaa mapema haikupungua. Basi safisha kwa ajili ya fizi zako, inatosha, bila ya mtu kukutishia mtoto.

Kitu kimoja nje ya ulichouliza: vuta mdomo wa chini mbele ya kioo. Kama fizi na ndani ya mdomo pamepauka badala ya kuwa pekundu, waambie kliniki wakupime wingi wa damu. Na ukitokwa na damu puani au ukaona madoa mekundu kwenye ngozi pamoja na fizi, nenda mapema, hayo si ya mswaki.

Habari daktari. Ninaandika kwa niaba ya mke wangu, yeye anacheka eti gazeti si hospitali. Mimba ya miezi mitatu. Anatapika asubuhi, mchana, jioni. Dawa ya meno ikigusa ulimi tu anatapika tena. Anakula udongo wa pemba na maembe mabichi kwa chumvi na pilipili kutwa. Mama yangu anasema tusihangaike, kila mimba inachukua jino moja, mtoto anavuta kalsiamu. Yeye ana watoto saba na mapengo sita. Je, ni kweli? — Baba Kijacho, Pangani

Nzuri, Baba Kijacho. Mwambie shemeji gazeti si hospitali kweli, ila mume anayeandika barua ya meno ya mkewe anastahili kujibiwa vizuri.

Mama anakosea kwa heshima zote, na hesabu yake mwenyewe inamkana: watoto saba, mapengo sita. Jino likishaota, kalsiamu yake haina njia ya kutoka kwenda kwa mtoto. Mtoto huichukua kwenye chakula cha mama, na kikipungua, kwenye mifupa yake. Kinachowang'oa meno akina mama wa watoto wengi ni haya: miezi ya kutapika, miezi ya kula kidogo kidogo kila saa, mswaki unaoachwa kwa kichefuchefu, tundu dogo linaloambiwa "subiri ujifungue", kisha "subiri umalize kunyonyesha", na kufikia hapo mimba nyingine imeshaingia. Mkeo asipoingia kwenye mzunguko huo atazaa na meno yake yote. Mpe dagaa wa kuliwa na miba yake, maziwa, mchicha, matembele; hapo Pangani samaki hamkosi.

Kutapika: yanayotoka ni tindikali ya tumbo, inalainisha ganda la jino. Akipiga mswaki papo hapo analisugua ganda likiwa laini. Asukutue kwanza kwa maji matupu, au kikombe cha maji kilichotiwa kijiko cha chai cha bikaboneti, ile poda nyeupe ya pakiti wanayotia kwenye keki. Si magadi. Mswaki uje nusu saa au saa nzima baadaye. Dawa ya meno kama inamtapisha, abadili ladha, au atie punje ndogo kama harage, au apige mswaki mkavu ule wakati ambao tumbo limetulia, hata kama ni saa tisa alasiri. Mswaki mdogo wa mtoto husaidia kwa wanaochefuka ukifika nyuma. Asipokaa na chakula wala maji tumboni kutwa nzima, mkojo ukawa mchache na mweusi, hapo ni hospitali, siyo meno tena.

Maembe mabichi sitamkataza, ninawajua wajawazito. Ale kwa wakati mmoja akamaliza, asitafune kutwa nzima, na anywe maji baada yake.

Udongo ndio tugombane. Nauona kwenye meno kabla sijauliza: yamelika bapa kwa chembechembe za mchanga. Lakini meno ndiyo hasara ndogo. Udongo unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, maana yake FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, anavimeza bure. Unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi. Na hamu yenyewe mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo usimnyang'anye tu, mpeleke apimwe damu. FEFO asimeze na chai. Nimeona wake wa watu wengi wakiacha pemba wenyewe damu ilipopanda, na wachache walioendelea kuuficha kwenye pochi.

Kwa ufupi

Wamesema wanipige picha ya jino, nina mimba ya wiki kumi. Nikubali? — Neema, Muheza
Kubali kama picha inahitajika kuamua tiba. Mionzi inaelekezwa shavuni. Inayomfikia mtoto ni ndogo kuliko ile ambayo mwili wako unaipata kwa siku moja ya kawaida kutoka ardhini na angani. Wakikuvisha aproni nzito, vaa. Picha ya "kuangalia tu" inaweza kungoja.

Nina mimba na daktari anataka kuniziba jino kwa ile dawa ya rangi ya fedha. Nimesikia ina zebaki. Na nilizibwa nyingine kama hiyo nikiwa shule, niitoe? — Bi Mdogo, Tanga mjini
Ina zebaki kweli. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, walikubaliana isitumike kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 15, ila pale daktari anapoona hakuna namna. Omba nyeupe, au ile ya muda wanayowekewa watoto, inatosha kukufikisha mpaka ujifungue. Ya shule usiiguse: kuichimbua ndiko kunakorusha mvuke wa zebaki, ikikaa kimya haikusumbui. Ikivunjika yenyewe, njoo.